Eneo la Wazi, Miembe Mitatu na Uzio wa Seng'enge: Kisa cha Mtaa Mmoja wa Tabora

Mtaa wenyewe uko pembezoni mwa Manispaa ya Tabora, upande ambao si zamani sana ulikuwa mashamba ya mihogo na karanga. Sitautaja jina, kwa sababu shauri la mpaka wake halijaisha na wahusika wanakutana kila siku dukani, msikitini na kanisani. Viwanja vimepimwa, barabara zimenyooka ingawa ni za mchanga, na kila kiangazi nyumba za tofali za kuchoma zinaongezeka. Katikati ya viwanja hivyo mchoro wa mipango miji umeacha nafasi ya hekta moja kasoro kidogo, iliyoandikwa "eneo la wazi". Nafasi hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia. Ilikaa salama miaka mingi bila ulinzi wowote wa kuonekana, kisha ikaingia hatarini mwaka uleule ambao watu wema waliamua kuitunza.

Mahali penyewe

Upande wa mashariki ilisimama miembe mitatu mikongwe, mabaki ya shamba la zamani. Tabora na miembe wamezoeana: njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa kwenda Ujiji inajulikana mpaka leo kwa miembe iliyoachwa kandokando yake. Chini ya mwembe mkubwa kuliko yote mama mmoja aliuza chai na maandazi asubuhi, karanga na matunda mchana. Hatua chache kutoka kwake wazee walicheza bao. Katikati palikuwa na uwanja wa mpira wenye magoli ya miti, na vijana walicheza kila jioni mpaka giza likawatoa. Njia ya mkato ilikatiza kwa mshazari kutoka nyumba za nyuma mpaka kwenye kioski cha maji na kijiwe cha bodaboda. Pakitokea msiba, turubai lilifungwa pale. Harusi nayo ilichezwa palepale. Kona ya kusini kulikuwa na mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, ambayo mvua za Desemba ziliyajaza maji, na jirani na mashimo hayo lundo la taka lilikuwa likikua polepole.

Mgeni angepaona pabaya. Hapakuwa na nyasi wala benchi, na vumbi la Septemba liliingia mpaka sebuleni mwa watu. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna aliyefaulu kusimamisha hata banda la kuku mle ndani, na si kwamba hakuna aliyejaribu. Jirani mmoja wa upande wa magharibi alipanda ua wa minyaa ambao ulisogea hatua mbili tatu ndani ya eneo, kisha ukakwama. Hatua ya nne ingeangukia kwenye mstari wa kona. Mpira uliingia kwenye minyaa ile kila jioni, na vijana, kwa kuogopa utomvu wake usiwaingie machoni, walikata kila tawi lililojitokeza upande wao. Hawakuwa wakipigania ardhi ya umma. Walikuwa wakitafuta mpira wao.

Naomba msomaji aushike mstari huo wa kona, kwa sababu kila kilichofuata kinaanzia hapo.

Kamati

Uvumi ulipoenea kwamba eneo litakatwa viwanja, watu kadhaa waliunda kamati. Aliyeianzisha ni mwalimu mstaafu, mtu anayeheshimiwa na mwenye haki ya kuheshimiwa, akasaidiwa na muuguzi na mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hoja yao kuu ilikuwa sahihi: mahali panapoonekana hapana kitu huonekana hapana mwenyewe, na pasipo na mwenyewe hugawanywa. Mtoto alikuwa ameshatumbukia kwenye shimo la maji akaokolewa. Taka zilikuwa zikinuka. Kukaa kimya lingekuwa kosa, na mpaka leo nawapa heshima kwa kuwa wa kwanza kuinuka.

Dosari ilikuwa kwenye picha waliyokuwa nayo kichwani. Mmoja wao alikuwa na simu yenye picha za bustani ya mji mwingine: nyasi za ukoka zilizokatwa vizuri, maua, vijia vya zege, na ile miti mirefu myembamba ambayo wengi huiita ashoki. Picha ilizunguka kwenye mkutano, watu wakaipenda. Mpango ukawa kuzungushia eneo nguzo na seng'enge, kuweka geti moja upande wa barabara, kupanda miche themanini na maua, na kuhamisha mpira, kwa maneno ya kamati, "mpaka utakapopatikana uwanja mwingine". Mama wa maandazi naye aliombwa ahamie barabarani ili eneo lipendeze. Wacheza bao hawakuambiwa lolote. Walipoona seng'enge inavutwa waliondoka wenyewe.

Michango ilitoka. Nyumba nyingi zilichangia, hata za watu wasio na uwezo, na jambo hilo lisisahauliwe tunapohukumu kilichotokea.

Aprili hadi Oktoba

Miche ilipandwa mwanzoni mwa Aprili. Ndio wakati ambao nchini kote husikika hamasa ya kupanda miti, maana sherehe za kitaifa huangukia Machi na Aprili. Kwa mikoa yenye vuli na masika hesabu hiyo inaeleweka, kwa sababu mche unaopandwa Machi unaikuta masika ikianza. Tabora ina msimu mmoja tu. Mvua huanza Novemba, ikawahi sana mwishoni mwa Oktoba, na inapofika mwisho wa Aprili imekwisha. Mche unaopandwa hapa Aprili hupata wiki chache za unyevu, kisha hukabidhiwa miezi sita ya ukavu ukiwa na mizizi isiyozidi urefu wa kiganja. Mkulima yeyote wa mtaa ule angeyasema haya kama angeulizwa. Karanga hazipandwi Aprili. Mti una tofauti gani?

Kisha kuna hesabu ya maji, ambayo hakuna aliyeipiga. Mche mchanga kwenye udongo wa kichanga unahitaji walau lita ishirini kwa wiki ili uvuke kiangazi. Miche themanini ni lita 1,600, yaani madumu themanini kila wiki. Kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Novemba ni kama wiki 26, kwa hiyo jumla yake ni madumu 2,080. Kila dumu linanunuliwa kioski na lazima libebwe. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora na yameleta nafuu kubwa kuliko enzi za kutegemea mabwawa ya Igombe na Kazima peke yake, lakini maji kufika mjini hakuondoi bei ya dumu, na hakumpi mtu mikono ya kumwagilia miti isiyo yake. Mwezi wa kwanza wanakamati walimwagilia kwa zamu. Mwezi wa pili zamu zikarukwa. Julai akabaki mwalimu mstaafu peke yake na mjukuu wake na mkokoteni.

Mchwa walikuja. Mbuzi walipita chini ya seng'enge. Kufikia Oktoba palikuwa na vijiti vikavu vyenye vibao vya majina ya wafadhili, na ashoki chache zilizosalia zilikuwa na kivuli kisichotosha hata kuku. Nasema wazi kuhusu mti huo: kwenye geti la mtu apande apendavyo, lakini kwenye eneo la umma la mji wenye jua kama letu hauna kazi. Unakwenda juu, haupanui matawi, na hakuna bibi atakayepumzika chini yake akitoka sokoni.

Haya yote bado ni hasara za kawaida, na miti iliyokufa hupandwa tena. Hasara kubwa ilikuwa ile ambayo haikuonekana mapema. Kuanzia Mei mpaka Oktoba eneo lilikuwa tupu kwa mara ya kwanza. Mpira haukuwepo, chai haikuwepo, bao halikuwepo, na njia ya mkato ilikuwa imefungwa, hivyo hata wapita njia walizunguka mbali. Lundo la taka liliongezeka haraka, kwa kuwa anayetupa taka usiku hana wasiwasi na mahali ambapo asubuhi hapakai mtu. Na upande wa magharibi minyaa iling'olewa. Mahali pake ukachimbwa msingi, hatua kama kumi na mbili ndani ya eneo, na ulipogunduliwa tofali zilikuwa zimefika kimo cha goti.

Vijana wenyewe walishakata seng'enge sehemu mbili ili wapite. Kamati iliwaita wahuni. Kwa kweli wao ndio waliouona msingi na kuwa wa kwanza kumwambia mwenyekiti, baada ya kupita kwenye tundu walilokatazwa kupita.

Mkutano chini ya mwembe

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulimleta mwenyekiti mpya, naye akaitisha mkutano. Nilihudhuria. Watu walikuja na hasira, na saa nzima ya kwanza ilipotelea kwenye nani alaumiwe. Mwalimu mstaafu alisimama akaeleza gharama zilizotumika, sauti yake ikikatika. Hapo ndipo mama wa maandazi aliponyosha mkono.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Mimi sina ugomvi na wewe, umewasomesha wanangu. Lakini nilikuwa nakaa pale tangu alfajiri mpaka magharibi. Lori la tofali lingeshusha hata tofali moja, ningeliona, na ningepiga kelele mtaa mzima ukatoka. Mmenihamishia barabarani. Huko naangalia pikipiki. Nani alikuwa anaangalia huku?"

Mzee mmoja wa bao akaitikia kutoka nyuma: "Na sisi mlitufungia nje, wanangu. Hatukuambiwa hata karibu."

Mwalimu hakujibu. Alikaa, na baada ya muda akasema mpango utazamwe upya. Ilihitaji ujasiri, na heshima yake mtaani imeongezeka tangu siku ile.

Naona maneno ya yule mama ndiyo kiini cha kisa chote. Kamati iliamini kwamba eneo halina mlinzi, ikaajiri uzio. Kumbe walinzi walikuwepo wengi, kila mmoja na saa yake: alfajiri mama wa chai, mchana wazee, jioni wachezaji, na kati yao wabeba madumu na wanafunzi wanaokatiza. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyejiona mlinzi. Uzio uliwaondoa wote kwa mpigo mmoja, ukaacha kazi yao kwa nguzo na waya. Watunzaji wengi wa maeneo ya wazi hujikwaa hapa. Huanza kwa kuuliza eneo lifananeje. Swali la kwanza lingekuwa nani yuko pale saa ngapi, na akiondoka nani atachukua nafasi yake.

Kipimo ambacho hakikupimwa

Ubishi uliochukua miezi ulikuwa kati ya mpira na miti, kana kwamba lazima kimoja kife. Mwenyekiti mpya, ambaye ni fundi ujenzi, alifanya jambo ambalo lingefanywa siku ya kwanza. Alileta futi kamba. Uwanja ambao vijana walikuwa wakichezea ulikuwa na urefu wa mita themanini na upana wa hamsini, yaani mita za mraba 4,000. Eneo zima linakaribia 9,000. Zaidi ya nusu ilikuwa haiguswi na mpira hata kidogo.

Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani inapendekeza kila mkazi wa mji awe na eneo la kijani la kati ya nusu hekta na hekta moja lisilozidi mita 300 kutoka nyumbani kwake, mwendo wa dakika tano hivi. Mtaa huu wa mchanga, ambao watu wake hujiona hawana kitu, unakidhi kipimo hicho cha ukubwa na umbali kwa mamia ya wakazi. Kilichopungua ni ukijani wenyewe, na huo unapandika.

Mpango wa pili ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza, na kwangu ndio uzuri wake. Seng'enge iliondolewa isipokuwa kuzunguka mashimo ya matofali, ambayo yalijazwa kifusi kabla ya mvua. Njia ya mkato ilirudishwa, ikanyooshwa kidogo ili ipite nyuma ya goli. Mama wa chai akarudi chini ya mwembe. Uwanja ulibaki uwanja. Na miche ikapandwa Desemba, baada ya mvua mbili kubwa za kulowanisha ardhi, ishirini na minne tu, yote pembezoni, kufuata mstari wa bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa na wapima.

Kila mche ulipewa nyumba iliyo jirani nao. Hesabu ya maji ikabadilika kabisa. Ishirini na minne kwa lita ishirini ni dumu moja kwa kila nyumba kwa wiki, na maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi yalikubaliwa. Mashimo yalichimbwa sentimeta sitini kila upande, samadi ikachanganywa na udongo wa juu, na kila mche ukatengenezewa kisahani cha udongo upande wa chini wa mteremko ili mvua isikimbie. Badala ya waya, kila mmoja ulizungushiwa matawi ya miiba. Miiba haigharimu kitu, na mbuzi anaiheshimu.

Kuhusu aina ya miti palikuwa na mabishano mazuri. Mwarobaini ulishinda kwa wingi, kumi na minne, kwa sababu hubaki kijani wakati kila kitu kimekauka na hupanua kivuli ndani ya miaka michache. Miembe minne ilipandwa mbali na magoli, maana wote tunajua embe likiiva mawe yataruka. Mikwaju minne ilipandwa kwa ajili ya wajukuu, kwa kuwa hukua polepole. Miwili iliyobaki ilikuwa mininga, kwa ombi la mzee mmoja wa bao aliyesema haiwezekani mji uliozungukwa na miombo usiwe na hata mti mmoja wa porini kwake.

Mninga umetufundisha jambo. Mche wake, kwa miaka kadhaa ya mwanzo, hukauka sehemu ya juu kila kiangazi na kuchipua upya mvua zikirudi, wakati mzizi unajenga nguvu chini. Agosti iliyofuata mininga yote miwili ilionekana imekufa. Kijana mmoja alishaushika mmoja aung'oe apande mwarobaini, mzee akamzuia kwa fimbo. Novemba ilichipua. Kama mti huo ungekuwa chini ya kamati ya kwanza, iliyohesabu mafanikio kwa kutazama majani, ungeng'olewa mwaka wa kwanza. Mitano kati ya ishirini na minne ilikufa kweli, mingi kwa mchwa, na imepandwa upya.

Shauri la mpaka

Sasa tumrudie jirani wa magharibi, ambaye mtaani anasemwa vibaya kuliko anavyostahili. Shamba lilikuwa la baba yake. Wakati wa upimaji, wenye mashamba walikubaliana kila mmoja atoe sehemu kwa ajili ya barabara na huduma za umma, naye abaki na viwanja vilivyopimwa vyenye thamani kubwa kuliko shamba la mihogo. Baba alisaini, akapata viwanja vyake, akafariki. Mwana anasema baba hakuelezwa kwamba sehemu ile imetoka moja kwa moja, na kwamba familia imeendelea kuilima ukingo wake zaidi ya miaka kumi na miwili.

Hoja ya miaka kumi na miwili husikika sana, na hutajwa kana kwamba ukikaa muda huo ardhi inageuka yako. Sheria ya Ukomo wa Muda inaweka miaka 12 kama muda wa kufungua shauri la kudai ardhi. Kukaa muda mrefu peke yake hakumpi mtu umiliki, na mahakama zetu huangalia masharti mengi magumu kabla ya kuikubali hoja hiyo. Tena ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi, kama inavyosema Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Eneo lililopangwa kuwa la wazi chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 haliwezi kubadilishwa matumizi kwa maneno ya mdomo, wala kwa karatasi yenye muhuri wa mtaa. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa ardhi mjini, na aliyenunua kwa kuamini muhuri huo amenunua matumaini.

Kuna kifungu kingine ambacho wakazi wachache wanakijua. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na ndani ya haki hiyo imo ya kuyafikia maeneo ya umma kwa ajili ya mapumziko, elimu, afya, ibada, utamaduni na shughuli za kiuchumi. Ukisoma orodha hiyo ukiwa umeketi chini ya mwembe wa mtaa huu utaona vyote vimekuwa vikifanyika hapo, hata kuuza maandazi.

Shauri lilipelekwa Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, mabaraza hayo hayatoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na yana siku thelathini za kufanya hivyo kabla ya shauri kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usuluhishi ulifika karibu. Jirani alikubali kubomoa msingi kama mtaa ungemsaidia gharama za kujenga uzio kwenye mpaka halali, lakini usuluhishi ukagonga mwamba kwenye kiasi cha fedha. Binafsi naona mtaa ungelipa. Fedha zile hazikufika hata nusu ya zilizoteketea kwenye seng'enge ya kwanza, na jirani aliyeridhika upande wa magharibi angekuwa mlinzi mwingine. Waliokataa walisema mvamizi hazawadiwi. Naielewa hasira yao, lakini kwa sasa msingi upo palepale, na nakala ya mchoro wa mipango miji inasubiri siku ya kusikilizwa.

Tofali hazijaongezeka hata moja tangu vijana warudi, na hilo limefanyika bila amri yoyote. Mstari wa kona umechorwa upya kwa chokaa, sambamba na ukuta ule, na mpira unaugonga kila jioni.

Wasichana, na giza

Nisingependa msomaji aondoke akidhani mpango wa pili umekamilika. Una pengo kubwa, nalo ni la wasichana. Walinzi wa asili niliowasifu hapo juu, ukimwondoa mama wa chai, karibu wote ni wanaume. Wasichana wa mtaa hucheza rede kwenye kipande cha nyuma ya goli, na mechi ya wavulana ikinoga kipande hicho humezwa nao wakatawanyika. Eneo linalolindwa na wanaolitumia litalindwa kwa faida ya wanaolitumia zaidi, na asiyekuwa na nafasi leo hapewi na mazoea. Hapa panahitajika uamuzi wa makusudi. Muuguzi wa ile kamati ya kwanza amependekeza jioni mbili kwa wiki ziwe za wasichana, uwanja mzima, kwa netiboli na rede. Nahodha wa vijana amekubali jioni moja. Mazungumzo yanaendelea, nami niko upande wa muuguzi bila kusitasita.

Giza nalo ni tatizo. Baada ya magharibi hakuna taa, na wanawake wanaotoka kioski huzunguka barabarani kwa kuogopa njia ya mkato. Choo hakuna kabisa, na siku za msiba majirani wanabeba mzigo huo peke yao.

Mkutano ujao una hoja tatu. Ya kwanza ni kuwatoza wenye harusi mchango mdogo wa kununua maji ya miche, msiba ukibaki bure, na sidhani kama kuna atakayepinga. Ya pili ni ratiba ya wasichana. Ya tatu imeletwa na wanakamati wawili wa zamani, wanaotaka uzio urudi, safari hii wa tofali, ili mbuzi wasiingie. Miiba imewazuia mbuzi kwa msimu mzima bila gharama yoyote, na hoja hiyo nitaipinga kwa takwimu za madumu na za miche mkononi. Wakishinda kwa kura, nitaomba angalau ukuta uachwe wazi pale njia ya mkato inapoingilia na pale inapotokea, kwa upana wa mkokoteni wenye madumu sita.